Tone Lenye Namba 21

Niliposhuka kwenye treni Cambridge, Uingereza, ilikuwa Novemba, saa kumi jioni, na giza lilishaanza kuingia. Sikuwahi kutoka nje ya Tanzania. Nilichokifuata kote huko ni kitu nilichokizoea: kromosomu. Kwa miaka 6 nilizihesabu kwa hadubini, 46 kwa kila seli, nikizikata kwenye picha kwa mkasi na kuzipanga mbili mbili.

Kesho yake mwenyeji wangu, mama wa makamo, aliniingiza chumba chenye mwanga hafifu. Tangu jana yake seli zilikuwa zimesimamishwa kwa dawa katikati ya kugawanyika, kromosomu zikiwa zimejikunja barabara. Seli zikapasuliwa taratibu, kromosomu zikabaki zikielea. Zikatiwa rangi mbili: Hoechst, inayopenda sehemu za DNA zenye herufi A na T nyingi, na kromomaisini, inayoshika penye G na C.

Mashine ikaanza kuzipitisha moja moja mbele ya leza mbili, ndani ya uzi wa maji mwembamba kama unywele. Kwenye skrini vidoa vikamwagika kama mchanga, kisha vikajikusanya mafungu mafungu. Kromosomu namba 1, iliyo kubwa kuliko zote, ilikaa juu. 21 chini kabisa. Fungu moja nene lilinishinda.

“Hizo ni 9, 10, 11 na 12,” akasema. “Hapa hazitengani.”

Mashine hupima mwanga wote wa kromosomu kwa mkupuo, na hizo nne zinakaribiana mno. Mimi huzitofautisha kwa mistari yake, myeusi na myeupe. Nilifurahi kujua kwamba jicho bado lina kazi. Hata hivyo, kwa njia hii hii, kuanzia miaka ya 1980, maabara za Livermore na Los Alamos za Marekani zilitenga kromosomu za binadamu na kutengeneza maktaba za DNA, jenomu nzima ikiwa bado haijasomwa.

Mwenyeji wangu akaniuliza tukamate ipi. Nikasema 21. Ndiyo ninayoikuta tatu badala ya mbili kwa watoto ambao mama zao hungoja majibu kwenye benchi letu.

Uzi wa maji ulitikiswa ukakatika matone. Kila tone lililobeba 21 lilitiwa chaji ya umeme, na vibao viwili vikalivuta pembeni hadi kwenye kichupa. Nusu saa baadaye nilikiinua kwenye taa. Ndani kulikuwa na maelfu kwa maelfu ya kromosomu. Nikaona maji tu. Mama yule akachukua kalamu, akaandika 21 kwenye kifuniko, akanikabidhi nikiweke mwenyewe kwenye barafu.