Shumileta, Nsyuka na Posa ya Bi Harusi Wetu

Huku Dodoma msimu wa harusi umepamba moto, tunashona mpaka usiku. Tukifika kwenye kutia shanga, kazi ya mkono isiyo na kelele ya cherehani, tunawasha simu na kutazama filamu za zamani. Safari hii tumerudia zile za kutisha tulizozitazama usichanani, kwenye deki ya jirani au kule kibanda umiza, unakolipa sarafu chache na kubanwa kwenye benchi.

Nsyuka na Shumileta, zote kazi za Mussa Banzi, zilitoka miaka ya mwanzo ya 2000, Bongo Movie ikiwa bado changa. Wakati ule tulilala taa ikiwaka. Sasa tumecheka mpaka sindano zikatuchoma. Damu inaonekana kabisa ni rangi, na sauti mara ipo mara haipo. Lakini Jennifer Mwaipaja katika Shumileta bado anatutisha, hasa anaponyamaza na kumkazia macho mwanamume anayempenda.

Hadithi yenyewe ni jini wa kike aliyempenda binadamu. Watu wa Pwani mnamjua kwa jina la jini mahaba, kwa hiyo filamu iliwakuta watazamaji wameshaanza kuogopa. Ila sura yake tuliiona kwanza kwenye kaseti za Nigeria, akina Nneka the Pretty Serpent na Karishika, zilizojaa mahubiri ya makanisa ya kule. Mwovu ni yule yule: mwanamke mzuri, anavaa akavaa, ana fedha ambazo hakuna ajuaye zimetoka wapi. Mwanamume yeye ni wa kuhurumiwa tu. Qur'ani, sura ya 72, inatueleza majini waliosikiliza wakaamini, na kwamba miongoni mwao wamo wema na wasio wema. Jini wa filamu hapewi nafasi hiyo. Wala hatujamwona mwenye ndevu!

Dada zetu wa Unguja na Pemba mnajua hofu kama hii inafika wapi. Mwaka 1995 Popobawa alipovuma, watu walilala nje ya nyumba zao, na Unguja mtu mwenye maradhi ya akili akauawa na kundi la watu waliodhani ndiye. Baadaye Popobawa naye akatengenezewa filamu.

Wiki tatu zilizopita dada mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, alikuja kupimwa gauni la nikaha. Ana miaka thelathini na miwili na duka la vyombo. Alisindikizwa na shangazi wa bwana harusi. Mama yule alimtazama kwenye kioo, akatugeukia: "Mzuri hivi, pesa anazo, mpaka leo hajaolewa? Huyu si Shumileta huyu?" Walioongozana naye wakacheka. Siku ya tatu upande wa mume ukaleta ujumbe kwamba bibi apelekwe kwanza kwa mganga, akasafishwe, ndipo tarehe ipangwe.

Sisi fedha zake tunazijua zilikotoka. Tulimwona akiuza ndoo na sahani chini, karibu na soko la Majengo, kwenye jua na vumbi la huku, akirejesha mkopo wa kikundi kila wiki. Posa alizokataa tunazijua pia, na sababu zake.

Tulimwambia asiende popote kabla ya kuzungumza na walii wake. Kaka yake mkubwa akamfuata imamu, na imamu akawaita wazee wa pande zote mbili. Akamuuliza shangazi ameona nini. Jibu likawa lile lile: umri, uzuri, pesa. Kwa mganga haendi mtu, akasema imamu. Kama ni kisomo, atawasomea bwana na bibi wakiwa wamekaa pamoja na mahaarimu zao, kwani ruqya haikuwekwa kwa wanawake peke yao.

Bibi amekubali. Bwana harusi ameomba muda wa kufikiri, na mpaka tunaandika haya hajajibu. Gauni tumelimaliza isipokuwa pindo la chini, ambalo hatulikati mpaka bi harusi aje na viatu vyake.