Pijo, Mlima Uluguru na mtoto anayependa gereji

Ukitoka Morogoro mjini na kukata kona Sangasanga, barabara ya Mgeta huanza kuukwea Uluguru. Upande mmoja ni ukuta wa mlima, upande wa pili ni bonde lenye mashamba ya kabichi na njegere. Mvua ikinyesha, dereva husali kimoyomoyo.

Wazee waliopita njia kama hizi zamani wanaikumbuka Peugeot 404, maarufu kama Pijo. Ilitoka mwaka 1960, na sifa yake ilikuwa uvumilivu. Ilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Dar es Salaam.

Pijo ni ya Kifaransa, lakini umbo lake lilichorwa Italia, katika kampuni ya Pininfarina ya mjini Torino. Mwanzilishi wake, Battista Farina, alizaliwa mwaka 1893, mtoto wa 10 kati ya 11. Nyumbani walimwita Pinin, yaani mdogo. Hakusubiri ukubwa: akiwa bado mtoto aliingia kujifunza kazi katika karakana ya kaka yake Giovanni, iliyounda bodi za magari. Mwaka 1930 akafungua kampuni yake. Mwaka 1961, kwa idhini ya Rais wa Italia, jina la utani likaunganishwa na la ukoo, likawa Pininfarina.

Baada yake aliongoza mwanawe Sergio, kisha wajukuu. Madeni yalipozidi, mwaka 2015 familia ilikubali kuiuza kwa Mahindra ya India. Mali ilihama mikono, jina likabaki.

Huku kwetu, mtoto anayeshinda gereji huonekana amepotea. Mzazi, kabla hujamfukuza, muulize anachokitazama. Pengine ni fundi anavyonyoosha bodi iliyobonyea mpaka irudi kama ilivyokuwa. Amalize shule kwanza, maana zama za Pinin si zetu. Lakini akiendelea kupenda, njia ipo: hapo hapo Morogoro kuna chuo cha VETA Kihonda.

Siku mkipanda Mgeta pamoja, mkabidhi daftari na penseli. Achore gari ambalo yeye angelitengeneza kwa barabara ile.