Kile Kiti cha Mama Mkubwa

Wengi wenu mmesikia nusu ya habari hii kwa simu, na nusu ya pili mmejiongezea wenyewe. Basi heri niieleze mimi niliyekuwa kwenye usukani.

Kiti chenyewe mnakijua. Mama Mkubwa wa Liège alikinunua mwaka 1993 kwa ajili ya kitinda mimba wake, ambaye leo ana ndevu. Watoto wanne wa ukoo wamekikalia. Mjukuu wangu alipotimiza miaka minne, dada yangu alikileta hadi mlangoni, kitambaa kimefuliwa, kimefungwa utepe. Binti yangu alikipindua, akasoma kibandiko cha rangi ya machungwa, akasema, "Mama Mkubwa, aksanti sana, lakini namba yake inaanza na 02. Vya namna hii vimekatazwa tangu 2008." Dada alinyamaza. Sisi tuliokulia Bukavu tunakijua kimya cha namna ile. Nikakichukua, nikakihifadhi kwangu, chumba cha chini.

Novemba tukapata matanga Liège. Binti alikuwa kazini. Aliniagiza nimpeleke mtoto kwa treni. Mvua ilikuwa inanyesha, nami nikajiambia: dada akikiona kiti chake, moyo wake utatulia. Tena nilikuwa nimesikia kwamba asiye mzazi aweza kumbeba mtoto wa miaka mitatu na zaidi kiti cha nyuma, kwa mkanda tu, pasipokuwa na viti vya kutosha. Ni kweli, ila ni kwa safari fupi za mara moja moja, na Liège ni karibu kilomita 100.

Kabla ya Leuven, kwenye E40, lori la mbele likasimama ghafla. Nilikanyaga breki. Nyuma yangu nikasikia kishindo. Kiti kilikuwa kimeinama pamoja na mtoto, na paji lake limegonga kiti cha mbele. Uvimbe kama yai la njiwa, si zaidi, Mungu ashukuriwe. Hakulia hata kidogo. Aliniuliza tu, "Koko, tutamwambia mama?"

Nilimwambia jioni ile ile, mbele ya dada yangu. Nikajaribu kujitetea: sisi tulishuka Ngomo kwenda Uvira tukiwa juu ya magunia, na tulifika. Binti akajibu, "Mama, wasiofika hawapo hapa kusimulia." Siku tatu hakunipigia simu.

Siku ya nne alikuja, tukaenda dukani na mtoto na motokari yangu pia, maana kiti kinachokaa vizuri katika gari moja huchezacheza katika jingine. Nilidhani tutauliza cha miaka minne. Kumbe vipya vya R129 hupimwa kwa urefu. Mtoto alikuwa na sm 104. Tulichukua chenye mgongo, cha sm 100 hadi 150, chenye ndoano za Isofix. Vile vijimto visivyo na mgongo, katika R129, ni vya kuanzia sm 125. Muuzaji alimvua mtoto koti zito, akanionyesha mkanda unavyopita katikati ya bega, si shingoni, na chini kwenye mifupa ya nyonga, si tumboni. Tumbo la mtoto ni laini. Mkanda ukilikaba kwenye ajali, huumiza viungo vya ndani.

Kwa wenye watoto wachanga: R129 yataka mtoto atazame nyuma hadi miezi 15 walau, na asiwekwe hivyo mbele penye mfuko wa hewa usiozimwa.

Dada yangu alikuja Pasaka. Alikizunguka kiti kipya, akabonyeza hapa na pale, akasema kitambaa chake hakifikii kile cha zamani. Kisha akamfunga mtoto mkanda yeye mwenyewe. Cha zamani tulikipeleka pamoja kwenye kituo cha taka, baada ya kukikata mikanda ili mtu asikiokote.

Hapa Ubelgiji kiti ni lazima hadi sm 135. Nimechora alama kwenye mwimo wa mlango wa jikoni. Juzi alikuwa na 108, na alisimama kwa ncha za vidole.