Mshipi wa Baba Kando ya Gura

Maji ya Mto Gura yalikuwa baridi hata Januari, jua likiwaka. Mwaka 1987 nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na kazi yangu ilikuwa kuutandaza mshipi juu ya nyasi ili Baba aupapase kwa ukucha wa kidole gumba. Aliwaongoza wageni waliokuja kuvua trauti, samaki waliotiwa katika mto ule mwaka 1905. Mmoja wao, alipokuwa akirudi kwao, alimwachia fimbo na mshipi wake.

Haukuwa kama mshipi wa pwani, unaovutwa na chubwi. Nzi wa bandia, manyoya matupu na ndoana ndogo, hana uzito wa kwenda popote. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, nzi anafuata. Ndiyo maana umevikwa ngozi ya plastiki, na ngozi hiyo ikipasuka maji hupenya, ncha ikazama, nzi naye akavutwa chini pale alipopaswa kuelea.

Ukucha wa Baba ulikwama. Nyufa zilikuwa nyembamba kama mistari ya kiganja, zote katika mita chache za mbele, zinazopigwa na jua na mawe kila siku. Nilijua uvuvi wetu umekwisha. Baba aliuvua wote kutoka kwenye rili, mita 27, akaugeuza. Ulikuwa umechongoka ncha zote mbili, na ile ya ndani ilikuwa haijaonja maji. Tulivulia ncha hiyo misimu mingine mingi, tukiiosha kwa maji vuguvugu na sabuni kidogo. Aliyejipaka dawa ya mbu hakuruhusiwa kuugusa, hata awe mgeni aliyelipa, kwa kuwa dawa ile hula plastiki.

Ncha ya pili ilipochoka nilikuwa nimeanza kazi Nairobi. Muuzaji alinisihi nichukue mshipi mzito, eti huruka mbali. Nikakumbuka namba iliyoandikwa juu ya mshikio wa fimbo: 5. Mita 9 za mbele za mshipi wa namba hiyo huwa na gramu 9 hivi. Ukizidi sana, fimbo hulemewa, nzi akaanguka kwa kishindo, na trauti wa maji maangavu hamsubiri mwenye kishindo. Nilichukua namba 5, wa kuelea, wenye ncha mbili. Karibu nusu ya mshahara ilikwenda.

Baba aliupapasa kimya mpaka mwisho, kisha akarudia upya. Ule wa zamani Mama aliufunga kutoka kwenye mparachichi hadi nguzo ya jiko, akaanika mashati yake.