Mpaka Usio na Jiwe

Katika miaka niliyofundisha chuo cha ualimu, swali moja halikukosa kuulizwa kila muhula: mipaka ya zama za dunia iliwekwa na nani? Kwetu sisi tunaoishi mpakani, swali hilo si la kitabuni tu.

Njia ya kawaida ni kusoma matabaka ya miamba. Tabaka la chini huwa kongwe kuliko la juu, isipokuwa pale ardhi ilipopinduka. Wataalamu huchagua mahali pamoja ambapo matabaka yamefuatana bila pengo, kisha huweka alama pale kisukuku fulani kinapotokea mara ya kwanza. Mahali pa kwanza kukubaliwa, mwaka 1972, ni Klonk, katika nchi iliyoitwa wakati huo Chekoslovakia. Hapo kipindi cha Siluri kinakwisha na cha Devoni kinaanza.

Miamba yetu haikupata bahati hiyo. Ile yenye nikeli ya Kabanga, Ngara, ina umri wa miaka milioni 1,400 hivi. Ile yenye dhahabu ya Tulawaka, Biharamulo, imepita milioni 2,500. Viumbe wa nyakati hizo walikuwa wadogo mno, hawakuacha gamba wala mfupa. Hivyo wataalamu walipatana kwa tarakimu tupu: miaka milioni 2,500 iliyopita ndiyo mwisho wa Akea na mwanzo wa Proterozoi. Kabanga iko upande huu, Tulawaka upande ule.

Je, mpaka wa tarakimu ni wa uongo? Sidhani. Mto Kagera unaonekana kwa macho, lakini maji hayamzuii mtu. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka pale Rusumo kwa muda wa siku moja hivi. Walichokimbilia ni maana ya ng'ambo, ambayo watu ndio walioiweka. Chato nayo, iliyomegwa kutoka Biharamulo, tangu mwaka 2012 imo katika Mkoa wa Geita, wala hakuna kilima kilichohama.

Kwa hiyo niliwaambia walimu wangu: mfundisheni mtoto kuheshimu mpaka uliopatanwa, maana bila huo hatuelewani. Ila asidhani kwamba jiwe ndilo lililoutamka. Jiwe hutoa ushahidi. Hukumu ni ya watu, nao wanaweza kuitazama upya.