Kutoka Tanuri la Majivu hadi Kitanda cha Eksirei

Katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison nchini Marekani, utafiti wa lishe na mifupa una umri mkubwa kuliko mashine yoyote inayotumika humo leo, kwa kuwa ni hapo ambapo Harry Steenbock alionyesha katika miaka ya 1920 kwamba chakula kilichomulikwa kwa mionzi ya urujuanimno hupata uwezo wa kuzuia matege, ugonjwa ambao mifupa ya mtoto hulainika na kupinda kwa kukosa vitamini D. Zana za zama hizo zilikuwa chache: vizimba vya panya, mizani, na tanuri ambamo mfupa ulichomwa hadi ukabaki majivu, nayo majivu yakapimwa uzito kwa sababu ndiyo madini yenyewe, hasa kalsiamu na fosforasi. Kipimo hicho kilikuwa cha kuaminika, na hadi sasa hakijadharauliwa, ila kilimtaka panya afe kwanza, na hivyo hakikufaa kwa binadamu aliye hai.

Njia ilifunguka 1963, pale John Cameron na James Sorenson wa chuo hichohicho walipochapisha mbinu ya kupitisha katika mfupa wa mkono mwale mwembamba unaotoka kwenye kiini chenye unururifu, kama vile iodini-125, na kupima kiasi kilichofika upande wa pili, kwani mfupa wenye madini mengi huzuia sehemu kubwa zaidi ya mwale. Kifaa kilitosha juu ya meza, na maabara moja iliweza kuwa nacho peke yake, ingawa iodini hiyo hupungukiwa na nusu ya nguvu zake kila baada ya siku 60 hivi na ilibidi kubadilishwa mara kwa mara. Uti wa mgongo na nyonga, vilivyofunikwa na nyama nyingi, vilisubiri gadolini-153, ambayo hutoa mionzi ya viwango viwili vya nishati na hivyo kuwezesha mfupa kutenganishwa na nyama kwa hesabu. Lakini mpimwaji alilala kitandani kwa muda mrefu, na subira yake ilikuwa sehemu ya jaribio.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 kiini hicho kilibadilishwa kwa neli ya eksirei, na kipimo kikawa cha dakika chache. Mashine hiyo, densitometa, ilikuwa ghali na ilihitaji chumba chake na mwendeshaji aliyefunzwa, kwa hiyo katika vyuo vingi ilikoma kuwa mali ya profesa mmoja, ikawekwa mahali ambapo wataalamu wa lishe, wa michezo na wa magonjwa ya uzee waliandikisha zamu na kuchangia gharama. Walioona hasara katika kupotea kwa uhuru wa zamani hawakukosea kabisa, ila faida iliyopatikana ilikuwa kubwa kuliko ilivyodhaniwa, nayo ilitokana na mwendeshaji mmoja anayemlaza kila mtu kwa namna ileile, na anayepima kwa ratiba kielelezo cha uti wa mgongo kilichotengenezwa maalumu ili kugundua mapema kama mashine imeanza kuyumba.

Uangalifu huo si urasimu mtupu. Mabadiliko ambayo maziwa au vidonge vya kalsiamu huleta katika mfupa wa mtu mzima kwa mwaka mmoja mara nyingi hukaribia asilimia 1, kiasi kinacholingana na kosa la kawaida la mashine yenyewe, na watengenezaji mbalimbali hawatoi tarakimu zinazofanana kwa mfupa uleule. Mashine mpya inayofika katikati ya utafiti wa miaka mitatu inaweza kuzaa ongezeko la madini ambalo halimo mwilini mwa yeyote. Ndiyo maana mashine kuukuu haiondolewi mara moja: kielelezo, na mara nyingi kundi la watu, hupimwa kwenye zote mbili, tofauti yao ikaingizwa katika hesabu, na hapo tu ile ya zamani hung'olewa.