Tiketi ya Kurudi

Kambini kwetu ndege haina kurudi. Ukisikia fulani amepata ndege, hakuna anayeuliza atarudi lini. Tunauliza ni Marekani, Kanada au Australia, na godoro lake anamwachia nani. Wiki ya mwisho ni ya kugawa: sufuria kwa dada, redio kwa jirani, kuku kwa mjomba. Asubuhi ya kuondoka basi linakuja, watu wanalia, watoto wanalikimbiza mpaka vumbi linawashinda, na jioni ileile kuna mtu mwingine analala kwenye lile godoro.

Basi niliposema kwamba Novemba ile ya 2024 nitapanda ndege Kigali kwenda Nairobi siku ya Jumatano, na kurudi Jumapili, watu walinielewa kwa namna yao. Jirani mmoja, mama mwenye heshima zake, alifika saa mbili usiku kuulizia godoro. Nikamwambia, "Mama, Jumapili nitalilalia." Akacheka, akanishika mkono. "Mungu akutangulie, mutoto. Bote banasemaka vile."

Lazima niseme kitu hapa ili msomaji asiyetujua aelewe. Mimi ni mkimbizi ambaye hajawahi kukimbia. Aliyekimbia ni mama. Alitoka Masisi mwaka 1996, akafikia kambi ya Mudende, kambi iliyoshambuliwa mara mbili mwaka 1997, na walionusurika wakahamishiwa Gihembe, kule juu Byumba kwenye baridi. Huko ndiko nilikozaliwa, 1998. Mwaka 2021 Gihembe ikafungwa, kwa maana makorongo yalikuwa yanakula udongo chini ya nyumba zetu, tukaletwa Mahama, wilaya ya Kirehe, karibu na mto Akagera. Hizo ndizo safari zangu zote: kambi hadi kambi, ndani ya nchi moja. Karatasi zinasema mimi ni mtu wa Kongo. Kongo yenyewe sijaikanyaga. Tanzania nimeiona, maana iko ng'ambo ya mto, unaweza kuitazama ukiwa unafua nguo.

Kilichonipeleka Nairobi kilikuwa warsha ya siku tatu ya vijana wanaoandika. Waalikaji walilipa nauli. Kazi ya kutafuta hati ilikuwa yangu, na kwa sababu wengi mmeniuliza, nitaieleza. Hii hati yetu ya kusafiria si zawadi ya mtu. Imo kwenye kifungu cha 28 cha Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ambao Kenya iliingia 1966 na Rwanda 1980. Wazo lenyewe ni la zamani zaidi: mwaka 1922 Mnorwe mmoja, Fridtjof Nansen, alianzisha paspoti ya watu waliopoteza nchi, kwanza kwa Warusi, na hata mchoraji Marc Chagall aliwahi kutembea nayo. Sehemu ninayoipenda kuliko zote iko mwisho kabisa wa Mkataba, kwenye jedwali, aya ya 13. Inasema nchi iliyokupa hati inaahidi kukupokea tena wakati wowote hati ikiwa hai. Nilimsomea mama hiyo aya kwa Kinyarwanda, mara mbili. Akasikiliza. Halafu akauliza kama na wale wa kuhakiki majina wanaijua.

Hofu yake ilikuwa hiyo. Siku za kuhakiki, mtu asipoonekana, si unajua maneno yanayoanza: ameondoka, afutwe. Nilikuwa na kibali cha kutoka kambini chenye tarehe ya kwenda na tarehe ya kurudi, nikampigia nakala akaitia kwenye Biblia. Bado hakutulia, na mimi sikumlaumu.

Usiku wa Jumanne nililala Kabeza kwa binamu, mtaa ambao ndege zinapita juu ya paa kiasi kwamba watu wananyamaza katikati ya sentensi kisha wanaendelea. Asubuhi nikachukua moto mpaka karibu na lango la uwanja wa Kanombe, nikavua kofia ya chuma, nikalipa, nikasogea na begi langu mgongoni. Kabla hujafika jengo lenyewe kuna ukaguzi. Kila mtu anashuka kwenye gari, mizigo inapangwa chini, na mbwa anapita akinusa begi moja moja. Mzungu na mizigo yake ya magurudumu, mfanyabiashara na maboksi yake, mimi na kibegi changu, sote tumesimama kando tukimtazama mbwa. Nilipenda pale. Mbwa haulizi uraia.

Nyuma yangu alisimama dada wa Kiholanzi mwenye begi la mgongoni refu kupita kichwa chake, viatu vikining'inia pembeni na chupa ya maji imefungwa kwa kamba. Alikuwa ametoka Uganda kwa basi kupitia Gatuna, amekaa Kigali siku tano. Sokwe hakuwaona, kibali ni dola 1,500, akasema kwa pesa hiyo yeye anakula miezi miwili. Sasa anaenda Nairobi, halafu Lamu. Nchi yake ya ngapi hii? Ya ishirini na saba. Akatazama begi langu, la bluu iliyopauka, lenye maandishi ya UNICEF ambayo herufi mbili zimeshabanduka, akauliza kama nafanya kazi kwao.

"Hapana," nikamwambia. "Mimi ni mteja wao wa siku nyingi."

Akacheka sana, na tukawa marafiki mpaka kaunta. Alinieleza kwamba kabla ya safari aliacha chumba alichopanga, akauza baiskeli na kitanda. "Sasa hivi sina kwangu," alisema, akapiga begi lake kwa mkono. "Vyote nilivyo navyo vimo humu." Alisema kwa furaha kabisa. Nilimtazama nikitafuta hasira moyoni, maana nilidhani itakuwepo, na haikuwepo. Nilichokuwa nacho ni udadisi tu. Huyu alikuwa ameuza kitanda kwa hiari yake. Mimi nilikuwa nimetoka kukikatalia cha kwangu kisigawiwe. Na wote wawili tunapanda ndege moja.

Yeye alipita kaunta kwa dakika mbili. Mimi nilikaa pale dakika thelathini.

Kijana wa shirika la ndege aliipokea hati yangu, akaigeuza mbele na nyuma. Akaandika Kongo kwenye kompyuta, ikakataa. Akaandika Rwanda, ikakataa. Akaniuliza, kwa adabu kabisa, "Sasa wewe ni wa wapi?" Watu waliokuwa nyuma yangu wakaanza kuhamia mstari mwingine. Ndugu zangu, swali hilo nimeulizwa shuleni, nimeulizwa sokoni Nyakarambi, nimeulizwa na wasichana. Lakini kuulizwa na mtu ambaye kompyuta yake inangoja herufi tatu ni jambo jingine. Hapo maelezo hayasaidii. Huwezi kuchapa hadithi ya mama yako kwenye kile kisanduku.

Nikamwonyesha mstari wa chini wa ukurasa wa picha, ule unaosomwa na mashine. Kwenye paspoti ya Mnyarwanda, mahali pa uraia pameandikwa RWA. Ya Mkenya, KEN. Kwangu pameandikwa XXB. Ni kanuni ya usafiri wa anga dunia nzima: XXA ni mtu asiye na uraia wowote, XXB ni mkimbizi wa Mkataba wa 1951. Wewe msomaji unayefanya kazi na wakimbizi, tafadhali waandikie watu hizo herufi kwenye karatasi kabla hawajaenda uwanjani. Kijana hakuwahi kuziona. Akamwita mkubwa wake, mama mmoja wa makamo mwenye miwani, akainama mara moja tu. "Andika XXB." Mashine ikakubali.

Kisha yule mama akaniuliza, "Tiketi ya kurudi unayo?"

Ninayo! Nilikuwa nimeikunja ndani ya daftari. Niliitoa, naona, kwa madaha kidogo.

Kule ndani, baada ya kugongwa muhuri na askari wa uhamiaji kuniambia "urugendo rwiza", ndipo nilipowaona wetu. Walikuwa kama ishirini, wamekaa mistari miwili, kila mkubwa wa familia na ule mfuko mweupe wa IOM mapajani, ule ambao sote tunaujua na sote tumewahi kuuota. Watoto viatu vipya. Mzee mmoja alikuwa amevaa koti zito la baridi, jasho linamtoka, lakini halivui. Nikamwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Muko naenda state gani?"

"Naenda Nairobi tu, mzee. Jumapili narudi Mahama."

Akanitazama kama mtu aliyesikia neno la lugha ya kigeni. "Kurudi?"

Kumbe naye ni wa Mahama, kijiji cha mbali na chetu, hatukuwahi kukutana. Alikuwa anaenda na mke na watoto wanne. Binti mkubwa amebaki, ameolewa, faili lake ni jingine, na jinsi mafaili yanavyotembea sina haja ya kuwaeleza. Mzee alinyamaza muda, halafu akasema, "Nionyeshe ile tiketi."

Nikampa. Hakuwa anasoma Kiingereza, akamwita kijana wake wa kiume, yule akamwonyesha kwa kidole: hii tarehe, huu mji, Kigali. Mzee akaisoma tarehe mwenyewe kwa sauti. Ndipo akaingiza mkono ndani ya lile koti akatoa noti zilizokunjwa ndani ya kitambaa. Franga 8,500. Simu alikuwa ameshaigawa, na laini yake pamoja na hela za simu. Hizi zilibaki mfukoni. "Kule hazina kazi," alisema. "Wewe ndiye pekee hapa ndani anayerudi."

Nilitazama ukumbi mzima. Walikuwepo watu wengi waliokuwa wanarudi, bila shaka, wafanyabiashara, mawaziri pengine, wanafunzi. Lakini nilielewa anachosema. Aliniambia jina la binti, namba ya kijiji, na kwamba mlango wake unatazamana na bomba la maji. Hakuniuliza jina langu. Alikuwa ameona karatasi, na karatasi ilikuwa na tarehe. (Nilizipeleka Jumatatu. Binti alizihesabu, akazihesabu tena, kisha akaniuliza kama baba alikuwa amevaa lile koti.)

Wakaitwa. Mfanyakazi aliyewasindikiza aliwapanga mstari, na mzee akaondoka akiwa ameshika mfuko mweupe kifuani kwa mikono miwili.

Juu ya ndege yenyewe sina mengi ya kusema, wengine wameandika vizuri zaidi. Masikio yaliziba. Mholanzi alikuwa viti viwili mbele, amelala kabla hatujaacha ardhi. Nchi ishirini na saba zinamfanya mtu azoee. Mimi nilipata dirisha. Mvua ya usiku ilikuwa imeosha anga, na ndege ilipogeuka niliona milima ya volkano, na ule mkubwa, Karisimbi, umetoka juu ya mawingu. Upande ule, nyuma yake, ndiko Masisi. Hati yangu inaniruhusu kwenda nchi zote isipokuwa hiyo. Niliutazama mpaka bawa likaufunika. Halafu yakaja maji, Ziwa Victoria, maji, maji, mpaka nikaacha kuangalia nikala mkate waliotupa.

Nairobi, afisa wa uhamiaji aliikuta XXB bila kuuliza. Alikuwa amewahi kuziona nyingi. Akaangalia kibali changu cha kuingia, barua ya mwaliko, tiketi. "Unakaa siku nne halafu unarudi kambini?" Ndiyo, afande. Akainua macho. Nadhani alikuwa anataka kuuliza kwa nini, na kama angeuliza ningemjibu: mama yuko kule, na daftari zangu, na wanafunzi kumi na wawili ninaowafundisha kusoma Jumamosi, na nina franga za mtu mfukoni. Hakuuliza. Akapiga muhuri, akaandika kwa kalamu tarehe ambayo nisizidi.

Nilisimama kando nikaisoma ile tarehe. Ilikuwa muhuri wangu wa kwanza wa kuingia mahali popote. Mama alivuka mpaka usiku bila muhuri.

Mholanzi alinipungia mkono kutoka kwenye mstari wa kubadilisha pesa, akaniambia tutaonana barabarani. Nje kulikuwa na kibaridi, nisingekitegemea, na madereva wa teksi wananiita "boss" kwa sababu ya begi. Nikanunua laini, nikapiga Mahama.

"Umefika?"

"Nimefika, mama. Saa saba na dakika kumi."

"Unadanganya. Huku ni saa sita na kumi."

Nikamweleza. Kenya iko mbele ya Rwanda kwa saa moja, ukivuka unaipoteza. Sikuila, sikulala, imeondoka tu hewani. Alinyamaza, nikasikia kuku na mtu anakata kuni.

"Na ile saa batakurudishia?"

"Jumapili, mama."